Hayati Edward Moringe Sokoine: Ardhi, Maji na Chakula cha Taifa

Kila ifikapo tarehe 12 Aprili, Watanzania humkumbuka Hayati Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki dunia mwaka 1984 akiwa madarakani, kwa ajali ya gari katika eneo la Dakawa mkoani Morogoro. Kumbukumbu nyingi humtaja kwa uadilifu wake na kwa vita aliyoiongoza dhidi ya wahujumu uchumi. Upande mwingine wa maisha yake hutajwa kwa ufupi zaidi. Nao ni utumishi wake katika kipindi ambacho Taifa lilikabiliwa na swali zito: je, ardhi, maji, malisho, mbegu na nguvu kazi ya nchi vinatosha kuwalisha wananchi wake, na kama vinatosha, kwa nini maghala yako matupu?

Swali hilo halikumkuta Sokoine kwa mara ya kwanza akiwa katika ofisi ya Waziri Mkuu. Alizaliwa nalo, akakua nalo, na sehemu kubwa ya utumishi wake ilikuwa ni kulitafutia majibu.

Mtoto wa wafugaji

Sokoine alizaliwa tarehe 1 Agosti, 1938, Monduli, katika familia ya wafugaji wa Kimaasai. Monduli ni nchi ya sura mbili. Juu kuna milima yenye misitu, ukungu na chemchemi. Chini kuna mbuga kavu zinazoelekea Bonde la Ufa, ambako mvua ikichelewa kwa mwezi mmoja maisha ya watu na mifugo hubadilika. Katika nchi kama hiyo mtoto hujifunza mapema kwamba chakula hakitokani na ng'ombe peke yake. Hutokana na nyasi alizokula ng'ombe, na nyasi hutokana na mvua, na mvua ikikosekana hutokana na uamuzi wa wazee wa kuhama kwa wakati na kuacha eneo moja lipumzike ili lije kutumika wakati wa kiangazi.

Kizazi cha mababu wa Sokoine kilikuwa kimeshuhudia matokeo ya mnyororo huo kukatika. Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliteketeza ng'ombe katika Afrika Mashariki, ukafuatiwa na ndui na njaa, na jamii za wafugaji zikapoteza watu wengi mno. Baadaye, katika miaka ya 1950, hifadhi za wanyamapori zilipoanzishwa na mipaka yake kuwekwa, ikiwemo Serengeti mwaka 1951 na eneo la Ngorongoro mwaka 1959, suala la nani atatumia ardhi ipi na kwa kazi gani likawa jambo la kila siku katika nchi ya Wamaasai.

Kijana Sokoine alisoma Monduli, kisha akajiunga na Shule ya Sekondari Umbwe mkoani Kilimanjaro, alikosoma katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Umbali kati ya Monduli na Umbwe si mkubwa, lakini tofauti ya mazingira ni kubwa. Katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wameyaongoza maji ya mlima kwa mifereji ya asili, maarufu kama mifongo, tangu karne zilizopita, wakimwagilia vihamba vya migomba na kahawa. Kila mfereji ulikuwa na wasimamizi wake na zamu zake, na aliyevunja zamu alitozwa faini. Huko maji yaligawiwa kwa saa. Monduli yalifuatwa kwa siku kadhaa za mwendo. Ni mafunzo mawili juu ya rasilimali moja, na Sokoine aliishi katika yote mawili kabla ya kutimiza miaka 21.

Mtumishi wa umma katika nchi ya malisho

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, Sokoine alijiunga na chama cha TANU. Alipelekwa Ujerumani kusomea masuala ya utawala kati ya mwaka 1962 na 1963, na aliporejea aliteuliwa kuwa Ofisa Mtendaji wa Wilaya ya Masai. Wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa wilaya kubwa kabisa nchini, ikijumuisha maeneo ambayo leo ni wilaya za Monduli, Longido, Ngorongoro, Simanjiro na Kiteto.

Alianza kazi katika wakati mgumu. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulikuwa umeua mifugo mingi katika nchi ya Wamaasai, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya. Mwaka 1964 Serikali ilitunga sheria ya kusimamia na kuendeleza nyanda za malisho, iliyolenga kuwaweka wafugaji katika vyama vilivyopewa maeneo mahsusi, ambako malambo, majosho na visima vingejengwa na idadi ya mifugo kuwiana na uwezo wa nyasi. Fikra ya msingi ilikuwa sahihi: malisho ni mtaji, na mtaji unaotumiwa bila mpango huisha. Utekelezaji wake ulikuwa mgumu zaidi. Mvua za mbugani hainyeshi mahali pamoja kila mwaka, na mfugaji aliyefungiwa ndani ya mpaka mmoja hupoteza kinga yake kuu dhidi ya ukame, yaani uhuru wa kuhama. Aidha, lambo lililochimbwa bila kuzingatia ukubwa wa malisho yanayolizunguka huvuta mifugo mingi, na ardhi iliyo karibu nalo hubaki vumbi.

Mwaka 1965 Sokoine alichaguliwa kuwa Mbunge wa Masai, akiwa na umri wa miaka 27. Miaka miwili baadaye, mwaka wa Azimio la Arusha, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi. Mwaka 1970 akawa Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais, na mwaka 1972 akawa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Jeshi hilo, pamoja na mafunzo ya ulinzi, lilikuwa na mashamba na miradi ya mifugo katika makambi yake, na vijana waliopita humo walishika jembe sawa na walivyoshika bunduki.

Akiwa bungeni na serikalini, Sokoine alihimiza jamii yake ya Kimaasai kuwapeleka watoto shule, kutumia majosho na chanjo, na kushiriki katika mipango ya maendeleo ya Taifa. Hakuwa kiongozi wa kuwaambia wafugaji yale waliyopenda kuyasikia tu, na hilo lilimjengea heshima hata kwa wasiokubaliana naye.

Waziri Mkuu na udongo wa Kondoa

Tarehe 13 Februari, 1977, Rais Julius Kambarage Nyerere alimteua Sokoine kuwa Waziri Mkuu, akichukua nafasi ya Rashidi Mfaume Kawawa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imehesabu watu milioni 12.3 nchini, ile ya mwaka 1978 ilihesabu watu milioni 17.5. Katika muda wa miaka 11 Taifa lilikuwa limeongeza zaidi ya vinywa milioni tano vya kulishwa, wakati ardhi ilikuwa ile ile na jembe la mkono likiwa bado zana kuu ya mkulima.

Taifa lilikuwa na kumbukumbu ya karibu ya ukame wa mwaka 1973 na 1974, uliolazimisha nafaka kuagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni zilizokuwa haba. Baada ya hapo mkazo uliwekwa katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, yaani Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, yenye mvua za uhakika zaidi. Reli ya TAZARA iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, mbolea ya ruzuku na bei moja ya mazao kwa nchi nzima viliwavutia wakulima wa mikoa hiyo kulima mahindi ya ziada. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mavuno yalikuwa mazuri, kiasi kwamba Shirika la Usagishaji la Taifa lilikabiliwa na uhaba wa maghala. Hapo lilionekana somo ambalo lingerudi tena: ardhi na mvua vinaweza kutoa mavuno, na mavuno hayo yakapotea kwa kukosa ghala, gari na barabara.

Katika mikoa ya kati, tatizo lilikuwa la aina nyingine. Huko Kondoa, mkoani Dodoma, miaka mingi ya ukataji miti na malisho kupita kiasi ilikuwa imeuacha udongo bila kifuniko. Mvua zilichimba makorongo yenye kina cha kumzidi mtu kimo, mchanga ukafukia mashamba ya mabondeni, na chemchemi zikakauka. Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, mwaka 1973. Matuta yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini mifugo iliendelea kuimaliza miche na nyasi zilizokuwa zikichipua. Mwaka 1979 ulichukuliwa uamuzi mzito: mifugo yote, ipatayo 90,000, iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256.

Uamuzi huo ulifanyika wakati Serikali ikiongozwa na Waziri Mkuu aliyezaliwa katika boma la wafugaji. Gharama yake haikuwa ndogo. Familia zilipoteza maziwa, samadi na nguvu ya ng'ombe wa kulimia, na wengine walilazimika kuhamishia mifugo yao mbali kwa ndugu na marafiki. Faida yake nayo ilionekana kwa macho. Baada ya miaka michache nyasi zilirudi, vichaka vikaota, na mabonde yaliyokuwa mchanga mtupu yakaanza kulimwa tena. Muongo mmoja baadaye mifugo iliruhusiwa kurejea kwa utaratibu wa kufugwa ndani na kuletewa majani. Kondoa ilionesha kwamba udongo ulioharibika unaweza kurudi, na pia kwamba muswada wa marejesho hulipwa kwanza na mwananchi anayeishi juu ya udongo huo. Kiongozi anayeagiza ardhi ipumzike anapaswa kujua watu watakula nini ardhi ikiwa imepumzika.

Vita, ukame na maghala matupu

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vita vilivyofuata, hadi kuanguka kwa utawala wa Amin mwaka 1979, vilimaliza akiba ya fedha za kigeni na kuyaondoa maelfu ya magari katika kazi ya kusafirisha mazao na pembejeo. Wakati huo huo bei ya mafuta duniani ilipanda kwa mara ya pili ndani ya muongo mmoja, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Nchi iliyotegemea mafuta ya kuagizwa ili kuyatoa mahindi Songea na kuyafikisha Dar es Salaam ilijikuta na mahindi upande mmoja na walaji upande mwingine.

Novemba 1980 Sokoine aliondoka katika nafasi ya Waziri Mkuu, nayo ikashikwa na Cleopa Msuya. Alikwenda Yugoslavia kwa masomo. Miaka ambayo hakuwa katika wadhifa huo ilikuwa migumu kwa chakula. Mvua zilikosa mpangilio katika maeneo mengi. Sotoka ilijitokeza tena kaskazini mwa nchi, na wafugaji wakakumbuka simulizi za mababu zao. Mkoani Tabora alionekana mdudu mgeni mharibifu wa nafaka ghalani, dumuzi, ambaye wananchi walimpachika jina la Scania, kama lile la malori makubwa ya mizigo. Mdudu huyo aliweza kuyageuza mahindi ya familia kuwa unga usiofaa kabla ya msimu uliofuata. Kwa mkulima wa Urambo aliyelima vizuri na kuvuna vizuri, njaa ilimkuta ndani ya kihenge chake mwenyewe.

Katika maduka ya mijini, unga, sukari, sabuni na mafuta ya kula vilipatikana kwa foleni na kwa kadi, au kwa magendo na kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida hakuimudu. Katika hali hiyo, tarehe 24 Februari, 1983, Sokoine aliapishwa tena kuwa Waziri Mkuu.

Mwaka wa maamuzi

Hatua iliyomjengea jina zaidi ni msako wa wahujumu uchumi ulioanza Machi 1983. Maghala na nyumba zilipekuliwa, bidhaa zilizofichwa zikatolewa hadharani, na watu wengi wakakamatwa chini ya sheria maalum iliyotungwa mwaka huo. Wananchi wengi waliupokea msako kwa shangwe. Hata hivyo sheria hiyo iliwanyima watuhumiwa baadhi ya haki za kawaida za mahakama, na mwaka 1984 nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga. Msako ulitoa bidhaa zilizokuwa zimefichwa. Haukuweza kutoa chakula ambacho hakikuwa kimelimwa, na Serikali aliyoiongoza ilitambua hivyo, kwa kuwa ndani ya mwezi huo huo ilitangaza Sera ya Kilimo ya mwaka 1983.

Sera hiyo ilikuwa mabadiliko makubwa. Ilikubali kwamba bei ya mazao lazima imlipe mkulima, kwa sababu mkulima asiyelipwa hulima cha kumtosha yeye na familia yake tu. Ilitambua uwezekano wa vijiji, watu binafsi na mashirika kupewa ardhi kwa muda mrefu, ili anayepanda miti, anayejenga matuta au anayechimba mfereji awe na hakika ya kuvuna matunda ya jasho lake. Ilisisitiza umwagiliaji, matumizi ya wanyamakazi, utafiti na huduma za ugani. Iliendana pia na uamuzi wa kuvirejesha vyama vya ushirika, vilivyokuwa vimevunjwa mwaka 1976 na kazi zake kukabidhiwa kwa mamlaka za mazao.

Kwa upande wa mbegu, mwaka huo wa 1983 watafiti wa mahindi nchini walitoa aina mpya, zikiwemo Kilima, Staha na Kito. Kito ilikuwa ya muda mfupi, iliyowafaa wakulima wa maeneo ambayo mvua huwahi kukatika. Kwa mikoa mikavu kama Dodoma, Singida na Shinyanga, viongozi waliendelea kuhimiza mtama, uwele na muhogo, mazao yanayovumilia ukame, ingawa walaji wengi walikuwa wameshazoea ugali wa mahindi.

Kwa upande wa rutuba, nchi ilianza kutazama kilichomo ndani ya ardhi yake yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji wa miamba ya fosfati ulianza Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, si mbali na mbuga alikokulia Sokoine. Fosfati hiyo ilitokana na masalia ya ndege na samaki wa ziwa lililokuwa kubwa zaidi katika zama za kale. Ilipelekwa katika kiwanda cha mbolea cha Tanga, ili Taifa lipunguze utegemezi wa malighafi kutoka ng'ambo. Kiwanda hicho baadaye kilifungwa, lakini Minjingu ipo hadi leo, na mbolea yake hutumika katika mashamba ya ndani na nje ya nchi.

Nguvu kazi

Mwaka 1983 pia ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo wa kufanya kazi awe na kazi halali. Hoja yake ilihusiana moja kwa moja na chakula. Vijana walikuwa wakiondoka vijijini kwenda mijini, mashamba yakabaki kwa wazee na akina mama, na miji ikaongeza walaji bila kuongeza wazalishaji. Chini ya kampeni hiyo, wasiokuwa na ajira katika miji kama Dar es Salaam walihimizwa, na wengine wakalazimishwa, kwenda kulima.

Matokeo yalikuwa ya mchanganyiko. Wapo waliopata ardhi na kujijenga upya. Wapo pia wachuuzi na akina mama waliokuwa wakijipatia riziki kwa shughuli ndogondogo, ambao walikamatwa kana kwamba hawana kazi. Na wengi waliopelekwa shambani bila zana, mbegu wala mahali pa kulala walirudi mjini baada ya muda mfupi. Uzoefu huo ulithibitisha jambo ambalo Sera ya Kilimo ilikuwa imekwisha kulisema kwa njia nyingine: nguvu kazi huenda mahali inapolipwa, na kijana hubaki shambani pale shamba linapomlea.

Sokoine mwenyewe alijulikana kwa kufanya kazi kwa saa nyingi, kusafiri mikoani mara kwa mara na kufuatilia utekelezaji wa maagizo yake hadi kwa mtendaji wa chini. Aliishi kwa kiasi, na hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole kwamba alihodhi alichowakataza wengine. Mamlaka yake mbele ya wananchi yalitokana na mwenendo huo kuliko yalivyotokana na wadhifa.

Dakawa

Alhamisi, tarehe 12 Aprili, 1984, Sokoine aliondoka Dodoma baada ya shughuli za Bunge, akielekea Dar es Salaam kwa barabara. Alipofika Dakawa, gari lake liligongana na gari lililokuwa likitokea upande wa pili, naye akapoteza maisha. Alikuwa na umri wa miaka 45. Rais Nyerere alilitangazia Taifa msiba huo kupitia redio, na nchi iliingia katika majonzi ambayo waliokuwa watu wazima wakati huo hawajayasahau. Alizikwa nyumbani kwao Monduli Juu. Nafasi yake ilichukuliwa na Salim Ahmed Salim.

Mahali alipofia pana maana yake katika habari ya chakula. Dakawa iko katika tambarare ya Mto Wami, ambako udongo mzito wa mfinyanzi hushika maji na kufaa kwa mpunga. Hapo ndipo lilipo mojawapo ya mashamba makubwa ya mpunga wa umwagiliaji nchini, ambalo awali lilikuwa la umma na sasa hulimwa na wakulima wadogo kupitia ushirika wao. Maji ya Wami hutakiwa na wengi: wakulima wa mpunga, mashamba ya miwa ya Mtibwa, wafugaji wanaoshuka wakati wa kiangazi, miji na vijiji vinavyohitaji maji ya kunywa, na wanyama wa Hifadhi ya Saadani ambako mto huo huingia baharini. Migongano ya wakulima na wafugaji ambayo Mkoa wa Morogoro umeishuhudia tangu wakati huo inatokana kwa sehemu kubwa na ukweli huo, kwamba bonde moja lina wenyewe wengi na kiangazi ni kimoja.

Urithi katika miteremko ya Uluguru

Mjini Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, kulikuwa na chuo cha kilimo kilichoanza mwaka 1965 na kufanywa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1969. Baadaye kitivo hicho kiliongezewa misitu na tiba ya mifugo. Tarehe 1 Julai, 1984, miezi michache baada ya msiba, kilipandishwa hadhi kwa sheria ya Bunge na kuwa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Taifa lingeweza kumjengea mnara. Lilichagua kumkumbuka kwa maabara, mashamba ya majaribio na zahanati za mifugo, na kwa wataalamu ambao wamekuwa wakitoka hapo kila mwaka kwenda katika halmashauri, vituo vya utafiti na mashamba kote nchini.

Maswali wanayoyashughulikia wataalamu hao ni yale yale yaliyomkabili Sokoine, ila kwa vipimo vikubwa zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, zaidi ya mara tatu na nusu ya idadi ya mwaka 1978. Nchi ina ardhi ifaayo kwa kilimo inayokadiriwa kuwa hekta milioni 44, na kati ya ardhi yote hekta milioni 29.4 hukadiriwa kufaa kwa umwagiliaji kwa viwango tofauti. Hata hivyo ni hekta milioni 2.3 tu zilizo katika daraja la juu la ufaafu, milioni 4.8 ziko katika daraja la kati, na zilizobaki zinahitaji gharama kubwa ya maji na miundombinu. Takwimu hizi zinatia moyo, na papo hapo zinaonya. Ardhi ipo, lakini iliyo bora ni sehemu ndogo, na hiyo ndiyo inayotafutwa na kila mtu.

Taasisi ambazo enzi za Sokoine hazikuwepo, au zilikuwa changa, sasa zinafanya kazi kwa mujibu wa sheria. Ipo Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, upo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula wenye maghala ya kanda, zipo bodi za maji za mabonde zinazotoa vibali vya matumizi ya maji, na zipo Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999 zinazotaka matumizi ya ardhi yapangwe na wanakijiji wenyewe. Sotoka, iliyowatesa wafugaji tangu enzi za mababu wa Sokoine, ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011.

Kazi iliyobaki iko karibu na mwananchi zaidi kuliko ilivyo karibu na ofisi. Mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji huanza katika mkutano mkuu wa kijiji, ambako eneo la malisho, eneo la kilimo, msitu na chanzo cha maji hutengwa kwa kauli ya wanakijiji. Kibali cha maji huombwa na kikundi cha wamwagiliaji kabla ya mfereji kuchimbwa. Ghala hukaguliwa na mwenye mahindi kabla dumuzi hajalikagua. Sokoine alikufa akiwa njiani, na mengi aliyoyaanza hakuyaona yakikamilika. Jibu la swali alilozaliwa nalo linaendelea kuandikwa msimu kwa msimu, katika mbuga za Monduli, katika makorongo ya Kondoa yaliyoota nyasi tena, na katika majaruba ya Dakawa yanayosubiri zamu ya maji.